Muhuri wa Saa na Kitanda cha Minza

Vijana wangu mnaoshinda mbele ya kompyuta, msinionee huruma nikiwaambia kwamba mimi kazi yangu niliianza na kikoleo cha chuma na pedi ya wino. Ilikuwa kazi tamu. Tulicheka sana kazini, na mshahara wa kicheko haukatwi kodi.

Mjukuu wangu Neema yuko kwenye kazi hizi zenu mpya. Juzi alikaa nami jikoni nikichambua mboga, akanieleza anachofanya. Mtu akituma hati kwa mtandao, alisema, mashine inaipiga muhuri wa saa. Halafu muhuri huo unafungwa pamoja na wa hati iliyotangulia, na unaofuata unafungwa na huo, hivyo hivyo kama mkeka unavyosukwa. Ukijaribu kuchomoa ukindu mmoja, mkeka mzima unakuumbua.

"Hata mimi mwenyewe, bibi, siwezi kuirudisha saa nyuma," akasema.

Nikaacha mboga. "Neema, wewe unanisimulia habari za Mzee Mhema."

"Ndiye nani?"

Basi, nawajibu wote kwa pamoja.

Miaka ya sabini mimi nilikuwa msichana kutoka Tukuyu, jina langu Tusekile, nimetoka shule na nimepata kazi ya telegramu Posta. Mafunzo nilipelekwa Iringa, na mkuu wa chumba cha telegramu pale alikuwa Mzee Mhema. Mhehe mrefu, shati la khaki limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Siku ya kwanza nilidhani atanifundisha kuandika kwa mashine. Akaninyooshea kidole saa ya ukutani.

"Unamwona huyo? Jina lake Mama Haraka. Anapenda kukimbia. Kazi yako ya kwanza ni kumkamata."

Saa ile kweli ilikuwa inakimbia. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha tuliwasha redio, tukanyamaza kabisa, tukasubiri zile alama za mlio kabla ya taarifa ya habari. Mlio wa mwisho ukilia, Mzee Mhema alikuwa amepanda kiti, kidole kiko kwenye mshale, anamrudisha Mama Haraka mahali pake. Alikuwa anamsemesha kabisa: "Tulia, mama. Dunia haijafika huko."

Baada ya saa, muhuri. Muhuri wetu ulikuwa na vipande vidogo vya chuma: siku, mwezi, mwaka na saa. Unavitoa kwa kikoleo, unaweka vya leo. Vipande vyenyewe vidogo kama punje za mtama, na sakafu ya ile ofisi ilikuwa ya mbao yenye nyufa. Nimepiga magoti kwenye sakafu ile zaidi ya nilivyowahi kupiga kanisani. Mara moja Juni ilizama ufani, nikaitoa kwa pini ya nywele huku watu wamepanga foleni wananitia moyo kama mpirani: "Hiyo! Hiyo! Kushoto dada!"

Ukishaweka vipande unagonga kwanza kwenye karatasi ya bure, unaangalia, halafu unatamka kwa sauti. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Mzee Mhema mwenyewe, sijauona penginepo. "Leo Jumanne, saa mbili!" Na chumba kizima kinajibu, "Jumanne, saa mbili!" Alitaka masikio mengi yasikie, ili kama umekosea mmoja akukamate. Wateja wa asubuhi walizoea. Kuna mama mmoja wa Kilutheri alikuwa akifika mapema kutuma salamu kwa wanawe. Sisi tukishajibu yeye alikuwa anamalizia kutoka nje ya dirisha: "Amina!"

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo Neema na Mzee Mhema wanapokutana. Kila telegramu ilipewa namba kwa mfuatano. Ya mtu aliyetangulia, yako, ya anayekufuata. Nakala ilibaki kwetu, na nyingine ilitoka upande wa pili wa waya. "Telegramu haiishi peke yake," mzee alisema. "Ina jirani kulia na jirani kushoto. Ukitaka kudanganya kuhusu moja, lazima uende ukawaombe majirani wote wadanganye pamoja nawe, na wengine wako mji mwingine."

Nilipohamishiwa Mbeya nilikuja kuyaona maneno hayo kwa macho. Alikuja mfanyabiashara wa viazi, mtu mchangamfu na mnene, amekumbatia jogoo. Alichelewa kutuma maombi ya kusafirisha mazao, mwisho ulikuwa jana. Akaegemea kaunta.

"Dada yangu, ugonile," akaniamkia kwa Kinyakyusa, maana alijua kwetu Tukuyu. "Naomba unigongee ya jana."

"Ya jana, mzee?"

"Ya jana tu. Sikuombi ya wiki iliyopita." Akamwinua jogoo nimtazame vizuri. "Na huyu anabaki hapa kwako."

"Mzee wangu, jana imejaa. Hakuna kiti hata kimoja. Nikikuingiza wewe, lazima mtu ashuke."

Akacheka, akasema basi nimbane hata mlangoni. Alipokuwa akicheka mkono ulilegea, jogoo akaruka juu ya kaunta, akatua kwenye pedi ya wino, kisha akatembea juu ya fomu zote tulizokuwa nazo. Tulimfukuza ofisi nzima, na wateja wakisaidia. Postamasta alitoka chumbani kwake kuuliza kulikoni, akaziangalia zile fomu zenye nyayo nyeusi, akamwambia mwenye jogoo, "Huyu naona amekubali kugonga ya leo." Mzee wa viazi akacheka mpaka akakaa chini. Alituma ya leo, akaeleza ukweli kwamba amechelewa. Sijui alijibiwaje, lakini alikuwa akipita pale kutusalimia miaka yote.

Haya, habari ya Minza.

Mnajua sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na muhuri wa Posta ulihesabu kuanzia usiku wa manane. Sisi tukisema saa nne asubuhi, muhuri unaandika kumi. Tukisema saa kumi jioni, muhuri unaandika kumi na sita. Wenye kuzoea walikuwa wanageuza kichwani bila kufikiri. Asiyezoea alikuwa anapotea, na watu walikwenda kupokea wageni stendi wakakuta wageni wameshalala.

Ijumaa moja akaja dirishani binti mrefu, viatu mkononi kwa ajili ya tope, na baba yake nyuma na fimbo ya kuchungia. Walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini hadi bonde la Usangu. Baba alikuwa Mzee Masanja. Binti ndiye Minza. Alikuwa amechaguliwa chuo cha wauguzi cha hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Iringa, na chuo kilitaka jibu kwa telegramu kabla ya saa sita mchana ya siku ile ile. Barua ilikuwa imezunguka mpaka kuwafikia huko mbugani, kwa hiyo walikuwa wamekuja mbio.

"Andika kwamba anakuja," Mzee Masanja aliniambia. "Andika kwa nguvu."

Nikaandika: NAKUBALI NAFASI NAKUJA. MINZA MASANJA. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikagonga. Minza akaniomba aone muhuri, akaugusa kwa ncha ya kidole wino ukiwa bado mbichi, akajipaka kidogo kwenye kiganja, akacheka. Wakaondoka kwenda kwa ndugu yao Uyole kusubiri.

Kabla teleprinta, ile mashine yetu ya kuandika kwa waya, haijapeleka telegramu ile, waya ukakatika. Mvua ilikuwa imeangusha mti huko njiani upande wa Makambako. Mafundi walihangaika, na tulikuja kupata Iringa Jumatatu. Tukazituma zote kwa mfuatano wake, ya Minza ikiwa mahali pake na saa yake. Sikuwa na wasiwasi. Chuo kitaona ilipokelewa saa ngapi dirishani.

Siku iliyofuata teleprinta ikaanza kugonga, na mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Herufi zikatoka moja moja: MINZA MASANJA. UMECHELEWA. NAFASI AMEPEWA MWINGINE.

Nilihisi kama nimechapwa kibao. Nikamwita Mzee Mhema kwa mashine hiyo hiyo, maana watu wa teleprinta tulikuwa tunaweza kuzungumza kwa kuandikiana.

MZEE KAMWENE. YA MINZA IMEFIKA NA SAA GANI, nikaandika, nikianza na salamu ya Kihehe.

KAMWENE BINTI, ikajibu mashine. IMEFIKA NA KUMI. IKO KATI YA BABA WA MAPACHA NA DEREVA ALIYEKWAMA IGAWA. MAJIRANI WAZURI.

SASA KWA NINI WANASEMA AMECHELEWA.

Mashine ikajibu: NADHANI WAMEISOMA KISWAHILI.

Nilishika kichwa. Kumi ya muhuri mtu ameisoma saa kumi jioni! Nikakimbia kwa postamasta. Alinisikiliza, akavua miwani. "Si ulikuwa uende Iringa mwezi ujao kujifunza teleprinta mpya? Nenda wiki hii. Hatuwezi kuwaambia chuo wampokee nani. Kusema ilikuwa saa ngapi, hilo tunaweza. Basi nenda ukaseme."

Mjumbe akapelekwa Uyole, na asubuhi iliyofuata tukawa watatu ndani ya basi. Minza alikuwa amekaa dirishani, hasemi. Baba yake hakukubali kunyamaza. Njia nzima alihesabu ng'ombe wa watu na kuwatolea makosa: huyu mgongo mbaya, yule anahitaji chumvi. Tulipofika Mafinga kukawa na baridi, akanipa blanketi lake mwenyewe. "Jifunike, dada. Wewe ndiye mdomo wetu leo."

Mkuu wa chuo alikuwa Sista Skolastika, Mbena mfupi mwenye hatua za haraka. Alitupokea barazani, akatuletea chai kabla hajauliza tumefuata nini. Nikamweleza. Akamwita karani wake Festo, kijana mcheshi ambaye ndiye aliyempelekea habari za telegramu.

"Festo, ile telegramu uliniambia ilipokelewa saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, sista. Nilihesabu saa ya Mbeya kama ulivyoagiza, kwa sababu ya waya kukatika."

"Muhuri umeandikaje?"

"Kumi."

Sista akaniangalia, mimi nikamwangalia. Aliingia ofisini akatoka na telegramu ya Minza na yake nyingine ya zamani kutoka Mbeya. Dada yake alikuwa amemtumia jioni moja, na aliikumbuka vizuri jioni ile kwa kuwa ilileta habari za arusi. Muhuri wake ulikuwa kumi na sita. Akaziweka zote mbili mezani, bega kwa bega.

"Habari za arusi ya Anitha zilitumwa jioni," akasema polepole. "Kwa hiyo hii..." Akaanza kucheka. "Festo! Umemchelewesha mtoto wa watu kwa kumtafsiria!"

Festo alijishika mdomo. Kisha naye akacheka kwa aibu, akamwendea Mzee Masanja na kumwinamia. Mzee akampigapiga bega kama ndama.

Lakini kicheko cha Sista kilikatika upesi. Mlangoni alikuwa amesimama msichana ameshika ndoo, haingii wala hatoki. Alikuwa Yustina, binti wa wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, yule aliyepewa nafasi ya Minza. Alikuwa amesikia kila neno. Ndoo ilikuwa imeinama, maji yanamwagikia miguu yake.

Minza ndiye aliyesimama kwanza. "Sista," alisema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake tangu Mbeya, "mimi nilikuja kusema sikuchelewa. Sikuja kumtoa mtu."

Nilimwona Mzee Masanja ameishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Darasani nafasi ya mmoja zaidi naweza kuipata," Sista akasema. "Atakaa kwenye benchi na wengine, watabanana. Chakula tutagawana. Shida ni bweni. Kitanda sina. Na kanuni hainiruhusu kulaza mwanafunzi chini."

"Sema tena," Mzee Masanja akasema. "Shida ni nini?"

"Kitanda, baba."

"Kitanda tu?" Akasimama. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa mto wenye mamba ni kijito. "Nipe miti, mama. Na ngozi ya ng'ombe. Na panga."

Vijana wangu, sijawahi kuona fundi kama yule. Miti ilitoka kwenye msitu wa misheni, ngozi Festo aliitafuta machinjioni, nadhani kwa kutaka kulipa deni la moyo. Mzee alikaa uani akachonga matendegu manne, akakata ngozi mikanda mirefu, akailoweka, akaisuka ikiwa mbichi ili ikikauka ikaze kama ngoma. Wanafunzi walikuwa wakitoka darasani wanazunguka pale. Yustina ndiye aliyemshikia mikanda, na kwa kuwa alilelewa kwenye kusuka mashada ya vitunguu, mikono yake ilijua. Mzee akawa anamwita "binti yangu". Kitanda kilipokauka Sista alikaa juu yake, akaruka ruka kidogo alipodhani hatumwoni, akasema, "Minza aanze kesho."

Mzee Masanja aliimba. Wimbo wa Kisukuma, sauti nzito, akakanyaga uwanja wa chuo kwa miguu yote miwili mpaka vumbi likapanda, na wasichana wakapiga makofi bila kujua maneno. Minza alimfuata nyuma akicheka na kulia.

Tukaenda na mzee Posta kumpelekea habari mama Minza. Kwao barua na telegramu zilipitia Chimala, kisha mwenye duka mmoja wa pale alimpa mtu anayeelekea upande wa boma lao. Dirishani alikuwa Mzee Mhema mwenyewe.

"Andika," Mzee Masanja akaanza, salamu zote kwa Kisukuma. "Mwangaluka mama Minza. Mwangaluka mama yangu. Mwangaluka Shija, na Kabula, na wale wa kwa Ngassa. Ng'ombe mwekundu amezaa? Yule dume msimpeleke mtoni..."

"Mzee mwenzangu," Mzee Mhema akasema taratibu, "fomu yangu ni ndogo, na wewe una ukoo mkubwa."

Wakajadiliana kwa heshima kubwa. Salamu Mzee Masanja alikataa kuziacha, ila alikubali zijumlishwe. Dume likakatwa. Habari yenyewe ikafupishwa, ikafupishwa tena. Mwisho ikabaki hivi: MWANGALUKA WOTE. MINZA AMEPOKELEWA. AMEPATA KITANDA. SISTA ANAMTUNZA. BABA. Mzee Mhema akagonga muhuri, akatamka siku na saa kwa sauti, chumba kikajibu. Siku sahihi, saa sahihi, namba mahali pake kati ya majirani zake. Mafundi wote wa dunia wasingepata kosa.

Nilibaki Iringa kwa mafunzo yangu. Mzee Masanja naye alibaki kidogo, maana Sista alikuwa amemwonyesha viti vilivyolegea. Nilikuwa nimepita kuwasalimia nilipoona watu wanashuka kwenye lori pale lango la misheni: mama mmoja amejifunga kitambaa kiunoni kama wa msibani, bibi mzee anashikwa mkono, wanawake wawili na kibuyu cha maziwa, na mfuko wa unga wa uji wa mgonjwa. Yule mama alikuwa anamlilia Festo.

"Mwanangu Minza! Yuko kitanda gani? Bado anapumua?"

Festo akanitazama. Mimi nikakumbuka maneno ya telegramu, nikayasikia kama wao walivyosomewa kule mbali, mtoto aliondoka mzima na sasa amepokelewa, amepata kitanda, sista anamtunza. Nikataka kucheka na nikaona aibu kucheka.

Kabla sijafungua mdomo Minza akatokea kona ya bweni, sare nyeupe, kofia imekaa upande, yeye na Yustina wamebeba beseni la nguo. Mama yake alimwona. Alisimama kwanza kama hamjui. Kisha akamfikia, akamgeuza huku na huku, akamshika paji la uso, mbavu, magoti, akimtafuta ugonjwa. Hakuupata. Akamkumbatia pamoja na beseni, maji ya sabuni yakawalowesha wote, na bibi mzee akapiga kigelegele kilichowatoa wagonjwa madirishani.

Ilichukua muda kueleweshana. Mwishowe mama Minza akajifuta macho, akataka kukiona hicho kitanda kilichomtoa Usangu kwa lori.

Tukampeleka. Akakizunguka. Akabonyeza mikanda kwa kiganja, akatikisa tendegu moja moja, hakuna lililocheza. Akakaa. Kisha akamtazama mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni na nyundo ya Sista mkononi.

"Masanja," akasema, "kitanda chetu kina tendegu bovu tangu Minza ananyonya. Kila mwaka unaniambia huna miti."

Sista Skolastika alitoka nje haraka, tukamsikia akicheka ukutani. Mzee Masanja alimtazama mkewe, akaitazama nyundo, akajibu kwa unyenyekevu kwamba tukifika nyumbani, mama Minza, nitalitengeneza kabla hata ya kuwasalimia ng'ombe.